Watu wa Everton na Ramani ya Kiwanja Chao

Klabu ya Everton ya mji wa Liverpool, Uingereza, ilizaliwa kanisani mwaka 1878, ikapata jina lake mwaka uliofuata. Lakini tabia yake iliipata mwaka 1892, na iliipata katika ugomvi wa kiwanja. Hadi mwaka huo ilikuwa ikicheza Anfield, mahali ambapo leo dunia nzima hupajua kuwa ni nyumbani kwa mahasimu wake. John Houlding, tajiri wa kutengeneza pombe, alikuwa mkubwa wa klabu na papo hapo ndiye mdai wa kodi ya kiwanja. Kodi aliyoitaka wanachama waliiona si ya haki. Walikutana, wakabishana, wakakataa. Wakafunga virago wakiongozwa na George Mahon, wakavuka bustani ya Stanley na kuanza upya upande wa pili. Houlding alibaki na kiwanja kisicho na wachezaji, akaunda klabu nyingine, nayo ndiyo Liverpool. Kiwanja kipya cha waliohama, Goodison Park, kilifunguliwa tarehe 24 Agosti, 1892.

Asiyeyajua hayo hawezi kuelewa kwa nini, zaidi ya miaka mia baadaye, watu wa Everton walibishana kwa robo karne juu ya matofali, nguzo na mteremko wa viti. Katika klabu nyingine mpenzi hulipa kiingilio, akaketi alipoonyeshwa. Kwa watu wa Everton, kiwanja ni jambo ambalo mwanachama ana haki ya kulisemea tangu siku ya kwanza.

Goodison Park ilijengwa katikati ya nyumba za wafanya kazi, na ardhi yake ilikuwa haba. Mhandisi wa Kiskoti, Archibald Leitch, ambaye mikono yake ilipita katika viwanja vingi vya Uingereza, alijenga hapo jukwaa mwaka 1909, jingine mwaka 1926, na jingine mwaka 1938. Kwa kuwa hakuweza kutanuka alipanda juu. Na mwaka 1938 Goodison ikawa kiwanja cha kwanza katika Uingereza kuwa na majukwaa ya ghorofa mbili pande zote nne. Katika kona moja kanisa la Mtakatifu Luka lilipenyeza bega lake kati ya majukwaa mawili, wala hakuna aliyethubutu kuliondoa. Mwaka 1948 watu 78,299 walijibana humo kutazama Everton na Liverpool. Mwaka 1966, katika mashindano ya Kombe la Dunia, Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, Msumbiji, aliiona timu yake ya Ureno ikiachwa nyuma na Korea ya Kaskazini kwa mabao matatu kwa sifuri, kisha akafunga manne mwenyewe, na Ureno ikashinda kwa matano kwa matatu. Waliokuwapo walikuwa karibu naye kiasi cha kuuona uso wake.

Ukaribu huo ndio uliokuwa sifa ya Goodison. Mchezaji aliyekwenda kurusha mpira alisikia aliyoambiwa, mema na mabaya. Lakini uhaba wa ardhi ulioleta ukaribu huo ulileta na aibu zake: nguzo za chuma zilizosimama mbele ya macho ya watu, viti vilivyobana magoti, njia nyembamba, na nafasi ndogo ya kuingiza fedha ambazo klabu nyingine zilizipata katika majumba mapya. Baada ya msiba wa Hillsborough mwaka 1989, na taarifa ya Jaji Taylor mwaka 1990 iliyozitaka klabu kubwa ziwaketishe watazamaji wao wote, idadi iliyoweza kuingia Goodison ilishuka chini ya 41,000. Sifa na kasoro zilikuwa watoto wa mama mmoja. Swali lililowagawa wapenzi lilikuwa hili: je, yuko fundi awezaye kuondoa nguzo na asiuondoe ukaribu?

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa Kings Dock, kando ya mto Mersey, kwa kiwanja cha watu 55,000. Wengi walilipenda. Mwaka 2003 lilianguka, kwa sababu klabu ilishindwa kutoa sehemu yake ya fedha. Hasira iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko hasara yenyewe, maana tangu siku hiyo kila ramani iliyoletwa ilipimwa kwa ile iliyopotea.

Ramani iliyofuata ilikuwa ya Kirkby, mji ulio nje ya mpaka wa Liverpool, na mshirika wa klabu alikuwa kampuni ya maduka ya Tesco. Agosti 2007 klabu iliwapigisha kura wapenzi wake. Kura zaidi ya 25,000 zilirudi, na asilimia 59 hivi zilikubali. Kwa hesabu ya kawaida huo ni ushindi. Lakini kuhama mahali ambapo watu wanne katika kila kumi hawataki kwenda si jambo la kujivunia, na waliokataa hawakunyamaza. Walisema kuwa klabu iliyoukimbia mkono wa mwenye kodi mwaka 1892 sasa inakwenda kuwa kiambatisho cha duka. Na kwamba jengo lililochorwa lilifanana na ghala ambalo lingeweza kuwekwa popote. Hoja ya mpaka wa mji ilikuwa dhaifu kidogo, kwa kuwa Kirkby ilikuzwa baada ya vita kwa familia zilizohamishwa kutoka Liverpool, na wengi wao walikwenda na mapenzi yao ya Everton. Hoja ya jengo lisilo na kwao ilikuwa na nguvu zaidi. Hata hivyo, si moja wala si nyingine iliyoamua. Novemba 2009 serikali ilikataa mpango huo kwa sababu ya maduka, ikihofu kuwa yangedhuru biashara za miji ya jirani. Mabishano ya miaka mitatu yalikatwa na hukumu isiyohusu mpira hata kidogo.

Mwaka 2017 klabu ilipatana juu ya gati la Bramley-Moore, bwawa la mawe lililofunguliwa mwaka 1848 kwa kazi ya mhandisi Jesse Hartley, ambamo meli zilikuwa zikipakia makaa ya mawe. Mahali palikuwa ndani ya mji, na palikuwa mtoni. Swali la wapi likapata jibu, na kwa mara ya kwanza watu waliweza kubishana juu ya namna gani. Mchoraji, Dan Meis wa Marekani, alifanya jambo ambalo wachoraji wa majengo makubwa hulikwepa: aliwasikiliza wapenzi hadharani na kuwajibu. Novemba 2018, mwezi ule ule ambao Gor Mahia wa Nairobi walicheza Goodison wakafungwa mabao manne bila jibu, klabu ilianza kukusanya maoni. Mwaka uliofuata ikakusanya tena. Majibu ya mara zote mbili yalipita 60,000.

Yaliyozungumzwa yalikuwa ya watu wanaojua wanachokitaka. Walitaka jukwaa moja la wenyeji lisilokatwa ghorofa, ili sauti isigawanyike. Walitaka viti vya mbele visirudishwe nyuma, kama ilivyotokea katika viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya mbio na mpira pamoja. Walitaka jengo ambalo mgeni akilitazama atasema hili ni la Everton. Ramani iliyotolewa Julai 2019 iliwajibu kwa mambo mawili. Jukwaa la kusini lilichorwa kwa watu 13,000 katika mteremko mmoja wa karibu digrii 35, kiasi cha mwisho ambacho miongozo ya Uingereza huruhusu. Na hilo ndilo jibu la kweli kwa swali la ukaribu, kwa sababu mteremko ukizidi mtazamaji husogezwa mbele bila nguzo kuhitajika. La pili, kuta za chini zilifanywa za matofali kama maghala ya bandari, na katika matofali hayo yakafumwa mapitano ya chuma ya Leitch. Wako waliouliza kama kuiga pambo la marehemu ni kumheshimu. Swali lao si la kudharauliwa: kwa Leitch mapitano yale yalikuwa chuma kinachobeba uzito, na hapa hayabebi kitu.

Katika jambo moja wapenzi hawakushinda. Wengi walitaka viti 60,000 au zaidi, wakiitazama Anfield iliyokuwa ikitanuliwa. Klabu ilibaki na 52,000 na kitu. Kiburi cha kutotaka kuwa wadogo kuliko jirani kilikuwamo, lakini ilikuwamo na hofu ya haki: viti vikiwa vichache bei hupanda, na anayebaki nje ni yule ambaye babu yake alivuka bustani ya Stanley.

Mji nao ulilipa. Gati lilijazwa mchanga uliotolewa katika Bahari ya Ireland, na walinzi wa majengo ya kale walipinga. Halmashauri ya mji iliidhinisha ujenzi Februari 2021. Julai mwaka huo UNESCO iliiondoa Liverpool katika orodha ya urithi wa dunia, ikikitaja kiwanja miongoni mwa sababu. Watu wa Everton walijibu kuwa gati lilikuwa limefungwa nyuma ya ukuta wala hakuna aliyelitembelea. Jibu hilo ni kweli, nalo halitoshi.

Tarehe 18 Mei, 2025 timu ya wanaume ilicheza Goodison mara ya mwisho na kuifunga Southampton mabao mawili, yote ya Iliman Ndiaye wa Senegali. Tarehe 24 Agosti, 2025, miaka 133 kamili tangu Goodison ifunguliwe, ilicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi mtoni, na bao la kwanza likafungwa na Ndiaye huyo huyo. Goodison, ambayo ilikusudiwa kubomolewa, ilipewa timu ya wanawake. Na wapenzi walipotoka katika kiwanja kipya kuelekea stesheni ndogo ya Sandhills, walikuta foleni ndefu. Wakaanza kubishana juu ya treni.