Ungo, Mwavuli na Lyamba lya Mfipa: Historia Fupi ya Kuruka Kutoka Angani

Ukimwambia Mtanzania mwenzako kwamba umetoka Sumbawanga, jiandae. Swali la pili litakuwa la ungo: "Umekuja kwa basi au umepaa?" Utani tu, tumeuzoea. Hata jina la mji, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri: tupa uchawi. Lakini hebu leo tulichukulie swali hilo kwa uzito. Binadamu kweli wameshuka kutoka angani, tena wakafika wazima. Waliwezaje?

Tuanze na fizikia kidogo. Mtu anayeanguka anavutwa chini na uzito wake, huku hewa ikimkinza. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo hewa inavyokaza, mpaka nguvu hizo mbili zinalingana. Hapo kasi haipandi tena. Tunaiita kasi kikomo. Kwa mtu aliyelala kifudifudi hewani ni kama kilomita 200 kwa saa.

Sasa mpe mtu wa kilo 70 ungo wa kupepetea wenye kipenyo cha sentimita 60. Piga hesabu: bado atashuka kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ungo haujamsaidia kitu! Ili ashuke kwa mita 6 kwa sekunde, kasi ambayo miguu iliyofundishwa kutua inaweza kuihimili, anahitaji kitambaa cha mviringo cha kama mita za mraba 50. Huo ni ungo wa kipenyo cha mita 8.

Mfaransa André-Jacques Garnerin alilijua hilo mapema. Tarehe 22 Oktoba 1797, jijini Paris, alipaa kwa puto hadi karibu mita 1,000, akakata kamba, akashuka kwa mwavuli wa hariri. Unataka kukiona kimo hicho kwa macho? Simama kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa utazame Bonde la Rukwa. Uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Tofauti ni ileile aliyoshuka Garnerin. Mwavuli wake haukuwa na tundu juu, kwa hiyo hewa ilitoka kwa kupigania pembeni na kumyumbisha vibaya sana. Alifika salama. Miavuli ya mviringo iliyofuata ikawekewa tundu kileleni.

Wengine hawakubahatika. Mwaka 1912 fundi cherehani Franz Reichelt aliruka kutoka Mnara wa Eiffel, mita 57, akiwa amevaa vazi-mwavuli alilolishona mwenyewe. Halikufunguka sawasawa. Akafa palepale.

Karne ya 20 ilileta ndege, na aina za kuruka zikaanza kutofautiana. Ya kwanza ni ya kamba iliyofungwa ndani ya ndege: ukitoka tu, kamba inauvuta mwavuli, huna cha kufanya ila kutua. Ndiyo njia ya majeshi, kwa sababu inaruhusu kuruka kutoka chini kabisa, na askari hakai muda mrefu hewani akipigwa risasi. Majirani zetu wa mashariki mwa Kongo waliiona alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, pale askari 320 wa Ubelgiji walipodondoshwa na ndege za Marekani kwenye uwanja wa ndege wa Stanleyville, Kisangani ya leo, kuokoa mateka walioshikiliwa na waasi wa Simba. Wengi waliokolewa, lakini wengine waliuawa asubuhi hiyohiyo, na Wakongo waliokufa katika vita ile ni maelfu.

Aina ya pili ni kuanguka huru. Zamani wengi waliamini mtu akianguka kwa muda angezimia kabla ya kuufungua mwavuli. Tarehe 28 Aprili 1919 Mmarekani Leslie Irvin aliruka, akasubiri, kisha akauvuta mwenyewe. Alivunjika kifundo cha mguu, ila fahamu hazikumtoka hata kidogo.

Baadaye miaka ya 1960 ukaja mwavuli wa mstatili wa Domina Jalbert, unaojazwa hewa kama bawa. Huu unauendesha; hauporomoki tu. Miaka ya 1980 ikazaa kuruka wawili wawili, mgeni akifungwa kifuani kwa mwalimu. Leo watalii wanafanya hivyo Diani, pwani ya Kenya.

Aina ya hatari zaidi ni kuruka kutoka kwenye majabali, wengine wakivaa suti ya mabawa. Mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov aliruka hivyo kutoka Kilimanjaro, kwenye kimo cha mita 5,460. Miaka miwili baadaye alifariki akiruka Nepal. Ukitaka kuelewa hatari yake, fikiria Maporomoko ya Kalambo hapa Rukwa, yenye zaidi ya mita 200. Kitu kikidondoka pale kinafika chini kwa takribani sekunde 7. Muda wa kukosea haupo.

Na uwanda wetu wenyewe una ushuru wake. Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kwa kama asilimia 16 kuliko ya Dar es Salaam. Mwavuli unaomshusha mtu kwa mita 5.5 kwa sekunde kule pwani, huku utamshusha kwa kama mita 6. Magoti yatajua tofauti.

Turudi kwenye ungo. Umegundua kitu? Wote hao walishuka tu. Kupanda walihitaji puto, ndege, mnara au mlima. Hakuna kitambaa, sembuse ungo, kilichowainua kutoka ardhini.

Haya si maneno ya kuchekesha tu. Nchini kwetu wazee, hasa akina bibi, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Kwa hiyo siku mtaani kwako mtu akidai bibi fulani amepaa usiku, usicheke ukapita. Muulize mbele ya watu: nini kilimpandisha, na zile mita za mraba 50 za kumshushia zilikuwa wapi?