Oili Sanisi na Gari la Kazi

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kama ilivyo Kirinyaga Road kule Nairobi, oili hupangwa kwa bei. Juu inakaa inayoitwa sintetiki, chini yake semi, halafu ile ya kawaida. Ukimuuliza muuzaji tofauti yake, mara nyingi atakujibu kwamba ya juu ndiyo nzuri. Mwenye Hiace ya abiria au Fuso la mchanga anastahili jibu refu zaidi. Oili anainunua mwaka mzima, na akichagua vibaya hulipa dukani kwanza, kisha gereji.

Nitasema oili, siyo mafuta. Neno mafuta limebebeshwa mengi: ya kupikia, ya kupaka, ya taa, na ukimwambia kijana wa sheli aweke mafuta atakwenda moja kwa moja kwenye tangi. Mafundi walishaamua siku nyingi kwamba kinachoingia kwenye injini ni oili, na uamuzi wao ni sahihi. "Mafuta ya injini" yabaki kwenye barua na mikataba, na "vilainishi" liwe jina la ukoo mzima, pamoja na grisi na oili ya gia.

Sasa sintetiki. Kisawe chake kipo na ni kizuri: sanisi. Aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi Tanzania amekutana nacho ndani ya usanisinuru, kazi ya mmea kuunganisha maji na hewa ya ukaa kwa nguvu ya mwanga ili upate chakula. Kusanisi ni kuunganisha vitu vidogo na kupata kitu kipya, na kiwandani oili hutengenezwa hivyo hivyo. Huanza na gesi ya ethilini. Molekuli zake huunganishwa kupata kimiminika kiitwacho desini, kisha desini nayo huunganishwa kupata oili ambayo molekuli zake karibu zote zinafanana. Oili ya kawaida haiundwi, huchujwa. Mafuta ghafi hutenganishwa mtamboni, nta na salfa hupunguzwa, na kinachobaki ni mchanganyiko wa molekuli ndefu kwa fupi, imara kwa dhaifu. Zile dhaifu ndizo zinazoungua mapema joto likipanda.

Kisawe ambacho sikitaki kabisa ni bandia. Sokoni oili bandia ni jambo jingine, na ni jambo baya: dumu tupu la kampuni inayojulikana limeokotwa, limejazwa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, likapigwa kifuniko kipya. Neno moja haliwezi kubeba oili bora kuliko zote na oili ya wizi. Kwa hiyo ni oili sanisi, na ya kati iwe nusu-sanisi. Ya tatu naiacha na jina la mafundi, oili ya kawaida. Wapo wanaopenda kuiita oili ya madini, ila madini kwa msikilizaji wa kwetu ni dhahabu na tanzanite, na jina hilo litampeleka pembeni.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kisawe kizuri hakilitatui. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye dumu ni oili ya msingi, na inayobaki ni kemikali za nyongeza: za kusafisha, za kuzuia asidi, za kukinga vyuma visisagane. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, imezigawa oili za msingi katika makundi matano. La kwanza na la pili hutokana na mafuta ghafi kwa njia za kawaida. La nne ni ile iliyosanisiwa kutoka desini, na la tano linakusanya zilizobaki, zikiwemo esta. Ugomvi uko kwenye kundi la tatu. Oili yake hutoka kwenye mafuta ghafi, lakini hupitishwa katika haidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa hadi molekuli zake zinavunjwa na kupangwa upya. Je, hiyo ni sanisi? Mobil na Castrol walifikishana kwa jambo hilo mbele ya kitengo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara, baada ya Castrol kutia oili ya kundi la tatu katika oili yake ya Syntec. Mwaka 1999 kitengo hicho kilikubaliana na Castrol. Tangu hapo sehemu kubwa ya oili inayouzwa duniani kwa jina la sintetiki ni ya kundi la tatu. Si oili mbaya hata kidogo. Lakini madumu mawili yenye neno moja yanaweza kuwa na vitu viwili, na mnunuzi asilipe kwa sababu ya neno peke yake.

Alipe kwa sababu ya nini, basi? Aligeuze dumu asome maandishi madogo. Kuna alama ya mnato, kwa mfano 15W-40. Namba ya mbele, yenye W, inahusu baridi. Ya nyuma inahusu injini ikiwa ya moto: ili oili iitwe 40, mnato wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi sharti uwe kuanzia sentistoki 12.5 na usifike 16.3. Mnato ni ukinzani wa kimiminika kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji mdogo, na injini inahitaji utando usiokatika kati ya beringi na krenki.

Hapa sifa kubwa ya oili sanisi katika matangazo ya nchi za baridi inapungua uzito kwetu. Wanaisifu kwamba huwahi kufika juu ya injini asubuhi yenye theluji, na ni kweli. Lakini oili ya 15W hupimwa uwezo wa kuzungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata Makete au Limuru dereva haamki katika baridi ya namna hiyo, sembuse Temeke. Faida ya sanisi kwetu iko upande wa pili, kwenye joto na muda. Injini ya dizeli yenye taabo hukaanga oili kwenye beringi za taabo, hasa dereva anapozima ghafla baada ya kupanda mlima na mzigo. Oili ya kawaida hubaki pale na kuwa masizi magumu, wakati sanisi huvumilia zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa gari linaloshinda kwenye foleni. Kilometa hazisogei, injini inawaka, upepo haupiti kwenye rejeta. Kwa daladala kilometa pekee ni kipimo cha kupotosha. Wasimamizi wengi wa magari ya kazi huhesabu saa moja ya injini kuwaka gari likiwa limesimama kuwa sawa na kilometa 40 au zaidi za safari.

Mambo mengine sanisi haiyaponyi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tipa linalobeba kifusi kwenye barabara ya vumbi, lenye mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya ea klina, linavuta mchanga laini ndani ya silinda. Mchanga huo utasaga ringi bila kujali oili ilitoka kwenye kundi gani. Injini iliyochoka, inayotoa moshi wa buluu na kuongezwa lita kila wiki, nayo haistahili oili ya bei kali. Utakuwa unaichoma kama kuni. Kwa magari hayo oili ya kawaida ya daraja sahihi, ikimwagwa kwa wakati na filta ikabadilishwa kila mara, ndiyo matunzo mazuri.

Daraja ni zile herufi mbili za API: S huanza kwa injini za petroli, C kwa dizeli. CI-4 ilikuja mwaka 2002, CK-4 ikafuata mwishoni mwa 2016. Kati ya oili ya kawaida yenye CI-4 na sanisi ambayo dumu lake halionyeshi daraja lolote la dizeli, Coaster ya dizeli inataka ya kwanza, wala sina shaka. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, na salfa ikiungua huleta asidi inayoimaliza oili mapema. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni, na hilo liliipunguzia oili mzigo mkubwa.

Bodaboda ina sheria yake. Oili inayolainisha injini ndiyo hiyo hiyo inayozilowesha klachi na gia. Oili za magari, hasa zile nyepesi za kubana matumizi ya petroli, zinaweza kuwa na kemikali za utelezi. Ukiitia moja kwenye pikipiki utaijua mlimani: unavuta mkono, injini inalia, pikipiki haipandi. Sahani za klachi zinateleza. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, iwe sanisi au ya kawaida.

Kuhusu hesabu, sanisi ikiwa mara mbili ya bei na ukaendelea kuimwaga kila kilometa 5,000 kwa mazoea, umelipia uvumilivu usioutumia. Ikifika 10,000, kwa idhini ya kitabu cha gari na kwa filta iliyotengenezwa kuhimili safari hiyo, bei ya oili inalingana. Unaokoa filta moja, ufundi wa mara moja, na siku moja ambayo gari lingelala gereji dereva akikosa hesabu ya kumpelekea tajiri. Na usihukumu kwa rangi. Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Kuchanganya sanisi na kawaida nako hakuui injini, kwa kuwa oili zenye daraja la API hutakiwa kuchanganyika bila kutengana. Unachopoteza ni sehemu ya ulichokilipia.

Dukani, basi, mpangilio wa maneno uwe hivi: "Kaka, naomba ya dizeli, kumi na tano arobaini, CI-4 kwenda juu." Akishakuwekea mbili au tatu mezani, kagua mihuri ya vifuniko, ndipo uulize ipi ni sanisi. Gari likiwa na taabo nzima na mpira wa hewa mzima, chukua hiyo. Na fundi akishamimina, mwombe alitoboe dumu mbele yako.