Bogenvilia kwenye sinia: kwa nini maelekezo ya Njombe hayafai Tanga wala Muscat

Mtu aliyewahi kupita mtaa wenye nyumba za uzio hahitaji kuelezwa bogenvilia ni nini. Ni ule mti wenye miiba unaotambaa juu ya ukuta na kujaa rangi ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe. Wengine huuita ua la karatasi. Siku hizi unauzwa pia kando ya barabara ukiwa mfupi, shina nene, umekaa ndani ya chungu cha kina kifupi. Huo ndio bonsai.

Maswali ambayo wasikilizaji hutuletea kuhusu miti hii yanafanana. Niliununua ukiwa umejaa maua, nikaumwagilia kila siku bila kukosa, sasa una majani matupu. Au: nilitoka nao Dar nikaupeleka Njombe, mwezi Juni ukapukutisha kila kitu, je, umekufa? Redioni tunakuwa na dakika chache, na jibu la swali la namna hii linaanza na swali jingine: wewe unaishi wapi? Kwa hiyo tumeliandika hapa kwa urefu.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Bonsai si aina ya mti. Ni neno la Kijapani lenye maana ya mmea uliopandwa kwenye sinia, na Wajapani wenyewe waliupata ufundi huo kutoka China. Mti wowote wenye shina gumu unaweza kufanywa bonsai kwa kupogolewa, kufungwa waya na kupunguzwa mizizi. Ukiona mtu anakuuzia "mbegu za bonsai" kwenye simu, jua anakuuzia mbegu za mti wa kawaida, kama kweli zitakuwa mbegu za mti.

Bogenvilia yenyewe asili yake ni Amerika Kusini. Wafaransa waliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, katika safari ya kuzunguka dunia iliyoongozwa na nahodha Louis Antoine de Bougainville, ndipo mti ukapewa jina lake. Mtaalamu wa mimea katika safari hiyo alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyesafiri akiwa amevaa kama mwanamume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa melini. Nahodha ndiye aliyeachiwa ua. Hayo tuyaache.

Sehemu ile yenye rangi si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi, kwa kawaida matatu matatu, na katikati yake ndiyo kuna maua yenyewe, madogo, membamba, meupe. Rangi hiyo hutokea kwenye chipukizi jipya, haitoki kwenye mti mkavu wa zamani. Mtu asiyepogoa kamwe anapata rangi mwishoni mwa vijiti virefu tu, na anayepogoa kila wiki anaikata rangi kabla haijatoka. Pogoa mara moja maua yakishaisha, kisha acha mkasi.

Mambo mawili makubwa huisukuma bogenvilia kuchanua: kiu na usiku mrefu. Ukiipa maji mengi na mbolea yenye naitrojeni nyingi kama urea, itakupa majani. Ukiiacha udongo ukauke hadi majani yaanze kulegea kidogo, kisha ukaipa maji kiasi, ukairudisha kwenye kiu tena, baada ya wiki chache utaona ncha za machipukizi zinaanza kugeuka rangi. Chungu kidogo kilichojaa mizizi kinasaidia kazi hiyo hiyo, kwa sababu hukauka haraka. Lakini kiu ni ya mti uliokwisha kupata umbo. Mti unaoukuza bado, unaotaka shina linenepe, usiutese. Upe maji, jua na chombo kikubwa, au uupande ardhini kwanza kwa miaka miwili mitatu.

Habari njema ni kwamba kwetu shina nene halihitaji kusubiriwa miaka kumi. Bogenvilia ni miongoni mwa miti michache ambayo kipande chenye unene wa kifundo cha mkono, hata zaidi, kinaweza kuota mizizi. Uzio wa zamani unapong'olewa kwa sababu barabara inapanuliwa au mwenye nyumba anajenga ukuta wa tofali, visiki vinavyotupwa pale ndivyo bonsai nzuri zinapoanzia. Omba ruhusa, vaa glavu nzito kwa sababu ya miiba, kata matawi yote kwa msumeno, chimba kwa mbali kidogo na shina. Mizizi myembamba ya bogenvilia hukatika kirahisi mno, hivyo usikung'ute udongo wote kama mtu anayepanda mchicha. Kitumbukize kisiki kwenye ndoo iliyotobolewa chini, yenye mchanga wa mto na kokoto ndogo, kiweke kivulini, kifunike na mfuko wa nailoni ili unyevu usipotee.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Baada ya wiki tatu hadi sita machipukizi hutokea na mtu anafurahi, anautoa mti juani, anafunga waya, wengine wanauhamishia kwenye sinia siku hiyo hiyo. Machipukizi yale hayamaanishi kwamba kuna mizizi. Kisiki kina akiba yake ya chakula na kinaweza kuchipua kwa akiba hiyo tu, kisha akiba ikiisha kinanyauka chote kwa siku mbili. Subiri. Usivute kisiki kuangalia kama kimeshika. Machipukizi yakirefuka, yakakomaa na kuendelea kutoa majani mapya kwa miezi kadhaa, au ukaona mizizi kwenye matundu ya chini ya ndoo, hapo ndipo uanze kukizoesha jua kidogo kidogo.

Waya hufungwa kwenye tawi likiwa bado linakunjika. Tawi lililokomaa huvunjika kama biskuti. Majeraha makubwa ya msumeno nayo hayazibi vizuri na mbao yake huoza upesi, kwa hiyo kata kwa mteremko ili maji yasisimame juu ya kidonda. Udongo uwe wa kupitisha maji: mchanga wa mto, kokoto, pumba za mpunga zilizochomwa na mboji kidogo. Walio Rungwe, Arusha au Naivasha wana mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Yakipondwa na kuchekechwa hayana mpinzani.

Hadi hapo maelezo ni ya wote. Tofauti inaanza kwenye hali ya hewa, na vitabu vingi pamoja na video nyingi zimetengenezwa na watu wa Japani, Marekani au Ulaya. Wanaposema "pogoa mwezi Machi" wanamaanisha mwisho wa baridi yao. Machi ya Tanga ni mwanzo wa masika. Wanaposema "weka kwenye ukuta unaotazama kusini" wanazungumzia jua la kwao. Mwezi Juni jua la saa sita mchana kwetu Tanzania liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo usisome jina la mwezi, soma hali ya hewa iliyo nyuma yake.

Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, joto si tatizo na urefu wa mchana karibu haubadiliki; kwa Dar tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Kwa hiyo usiku hautakusaidia sana na kazi yote inabaki kwa kiu. Ukavu wa baada ya masika, Juni hadi Septemba, ni msimu wa kwanza wa rangi, na Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ni wa pili. Adui ni masika yenyewe. Sinia la kina cha vidole vinne likinyeshewa wiki mbili mfululizo, mizizi inaoza huku juu majani yakiwa bado ya kijani, na ukija kugundua shina limekuwa laini ukilibonyeza. Njia rahisi tunayoipenda ni kuweka jiwe chini ya upande mmoja wa chungu ili kilale mshazari. Maji hayatuami tena. Ukiwa na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, nyoosha juu yake kama paa. Usiuingize sebuleni mwezi mzima, gizani utaacha majani. Kubadilisha udongo na kupunguza mizizi fanya mwanzoni mwa vuli, mti ukiwa na nguvu na mvua zikiwa za wastani, na usipunguze mizizi mingi kwa mara moja.

Nyanda za juu ni habari nyingine kabisa. Iringa mjini ni karibu mita 1,600 juu ya bahari, Njombe ni juu zaidi, na Juni na Julai baadhi ya maeneo ya Njombe na Kitulo hupata jalidi. Huku ukavu na baridi vinakuja pamoja. Ukifuata ushauri wa pwani ukaupa mti kiu mwezi Juni, hautachanua, utalala. Majani yatageuka manjano na kuanguka. Kwa hiyo yule aliyeuliza kama mti wake umekufa, tunamwambia achukue ukucha akwangue gome kidogo kwenye tawi na kwenye shina. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, mti uko hai. Pakiwa kahawia na pakavu kwenye tawi, shuka chini ukwangue tena, kata hadi palipo hai. Usiutupe kabla ya Oktoba.

Wakati wa baridi punguza maji hadi udongo uwe na unyevu kidogo tu, acha mbolea, na usogeze chungu kwenye ukuta unaotazama kaskazini ambao unapata jua mchana na kutoa joto usiku. Usiku wa jalidi uuingize ndani. Kiu ya makusudi isubiri Agosti mwishoni au Septemba, jua likianza kuwa kali na mvua za Novemba zikiwa mbali. Nairobi na Limuru nao wana Juni hadi Agosti ya mawingu na ubaridi, na rangi nzuri wataipata zaidi kwenye jua kavu la Januari na Februari. Dodoma hatuna la kuwaongezea: miezi mirefu ya ukavu, jua, na baridi isiyouma. Wao wakumbuke tu kumwagilia.

Tuna wasikilizaji wenye ndugu Oman, na huko bogenvilia imejaa barabarani. Muscat kiangazi hupita nyuzi 40, na mti wa ardhini unavumilia kwa sababu mizizi yake iko chini. Mti wa kwenye sinia hauna pa kukimbilia. Chombo cheusi juu ya zege la baraza kinapika mizizi. Wakati huo usitafute maua. Uweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, tumbukiza chungu kidogo ndani ya kikubwa chenye mchanga, mwagilia asubuhi na jioni. Msimu wa rangi unaanzia karibu Novemba, joto likipungua na usiku ukirefuka, na hapo ndipo kiu inapofanya kazi. Walio Salalah wafuate ushauri wetu wa masika ya pwani, kwa sababu kuanzia Juni mwishoni hadi Septemba kwao kuna manyunyu na ukungu wa kharifu.

Ulaya, mti huu ni mgeni wa kulala ndani nusu ya mwaka. London mchana wa Desemba haufiki saa 8, na jalidi ikiupata unaweza kufa. Huingizwa ndani Oktoba na kutolewa nje Mei, hatari ya jalidi ikishapita. Ndani, mahali pazuri ni chumba chenye mwanga mwingi na ubaridi wa nyuzi 10 hivi, ukiwa mkavu karibu kabisa, hata ukipukutika. Kuuweka juu ya kipasha joto dirishani ni kuuchosha: unachipua vijiti vyeupe vyembamba vinavyotafuta jua lisilokuwepo. Kiangazi mchana wa huko ni mrefu, lakini haujazuia kabisa kuchanua. Jua likiwa kali na chungu kikiwa kidogo, rangi inatoka.

Swali la mwisho tunaloulizwa ni la kumpelekea ndugu zawadi ya mti wenyewe. Mmea hauvuki mpaka kama nguo. Kwa Tanzania cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya TPHPA, kwa Kenya ni KEPHIS, na nchi za Umoja wa Ulaya hudai cheti hicho kwa karibu kila mmea hai, huku udongo wa kwenye chungu ukiwa ndio unaotiliwa shaka zaidi. Kwa bogenvilia usumbufu huo haulipi. Mwambie aombe kisiki kwa jirani yake huko huko Muscat. Aliye London anunue mche dukani kwao mwezi Mei, ili awe na kiangazi kizima cha kuuzoesha chungu kabla ya kuuingiza ndani.