Imetengwa, Imetoka, Imeingia

Mwalimu wa Nakuru akitamka neno maslahi, anazungumzia mshahara, marupurupu na bima ya matibabu. Livushe neno hilo daraja la Mto Tana, uingie nalo Garissa, nalo litaitwa maslaha na kuwa kitu kingine: kikao cha wazee chini ya mti, mazungumzo ya siku kadhaa kati ya koo mbili, mapatano yaliyofikiwa, na hata malipo yenyewe. Kesi imeenda maslaha, watu husema. Au: hao walishafanya maslaha. Aliyekulia Garissa, Wajir au Mandera akisikia hivyo anajua kwamba huenda mashahidi wasionekane tena kortini.

Mzizi ni uleule uliotupa suluhu, usuluhishi na kusuluhisha, na katika Kiarabu unahusu kutengeneza kilichoharibika. Nalipenda umbo la Garissa kwa sababu limeshika pamoja mambo ambayo Kiswahili cha mahakamani kimeyatenganisha: kupatana, kulipana, na faida ya kila upande katika kupatana huko. Mwanahabari wa Nairobi huandika "walikubaliana nje ya mahakama", maneno manne kwa jambo ambalo Garissa hulisema kwa moja.

Wanasheria wetu siku hizi wanazungumza sana kuhusu kesi ya kundi, yaani wengi walioumizwa kwa namna moja wakiwakilishwa na wachache, na malipo yakipatikana yakagawanywa kwa wote. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi lake. Katika nchi ya wafugaji wa Kisomali wazo hilo halikuhitaji katiba. Liliitwa mag, ambayo kwa Kiarabu ni diya na kwa Kiswahili dia. I. M. Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1961 alieleza jinsi watu wanaolipa na kupokea dia pamoja walivyo msingi wa siasa yote ya jamii hiyo. Mmoja akiua, kundi zima linalipa. Mmoja akiuawa, kundi zima linapokea. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa kaskazini waliiandika hesabu hiyo katika Azimio la Modogashe: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kisomali kupatana na kulipana kwa desturi, kwa kuwa kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza njia za jadi za kutatua migogoro.

Sitaki kuisifu maslaha kupita kiasi. Msichana aliyebakwa na kesi yake ikapelekwa kwa wazee hupata nini? Mara nyingi wanaopokea ni wanaume wa ukoo wake, naye hubaki na maumivu yake, na wakati mwingine huozwa kwa aliyemdhulumu. Neno linalokusanya mambo mengi huweza pia kumficha mtu mmoja ndani yake. Hilo ndilo linalonifanya nirudi kwenye msamiati wa malipo tena na tena: nataka kujua kila neno linamwonyesha nani na linamfunika nani.

Chukua fidia. Wengi hudhani dia imo ndani yake, kwa kuwa sikio linaisikia pale mwishoni. Kwa asili ni maneno mawili yasiyo na undugu. Fidia ni ya kukomboa: mgonjwa asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini, na katika kisa cha Nabii Ibrahim mwana alikombolewa kwa mnyama. Dia ni ya damu peke yake. Kiswahili cha serikali kimeichukua fidia na kuitandaza juu ya kila kitu, tangu shamba lililopitiwa na barabara, mtu aliyeuawa na kiboko, mfanyakazi aliyekatwa kidole, hadi kijiji kilichochomwa na askari. Watanzania walikuwa waangalifu zaidi. Katika kanuni zao za wanyamapori wanatumia kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Maneno hayo yanaungama kwamba kinachotolewa hakilingani na kilichopotea. Yanaiepusha pia serikali kukiri deni, na hapo ndipo ninapopata shaka nayo, kwani kufuta machozi ni hisani, na mwenye hisani hashtakiwi akichelewa.

Kuchelewa huko ndiko kunakonivutia zaidi, kwa sababu ndiko watu wa kawaida walikotunga istilahi bora kuliko za wataalamu. Nenda Soko Mugdi, soko la Garissa ambalo jina lake limeunganisha Kiswahili na neno la Kisomali lenye maana ya giza. Simama karibu na vibanda vya mawakala wa M-Pesa wakati pesa za wazee zinapongojwa, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70. Utasikia maswali mawili. La kwanza ni zimetoka? La pili ni zimeingia?

Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na kila bibi mwenye bakora anajua tofauti yake. Kutoka ni kwa serikali: hazina imeziachilia, waziri ametangaza, redio imesema. Kuingia ni kwa simu au akaunti yako wewe. Katikati ya vitendo hivyo viwili kuna nafasi, na matatizo yote yanalala humo. Huenda laini imeandikishwa kwa jina la kijana aliyehamia Nairobi. Huenda nambari ya kitambulisho ina tarakimu moja iliyokosewa, au akaunti imelala. Jina nalo ni shida peke yake: karani mmoja aliandika Mohamed, mwingine Mohammed, na wa tatu, aliyemsikiliza mzee vizuri kuliko wote, akaandika Muhumed. Mashine inawaona watu watatu.

Kisha kuna kutoa. Serikali ikisema imetoa pesa, imezituma. Mama akisema ametoa pesa, amezichukua kwa wakala na noti ziko mkononi. Kitenzi ni hichohicho, na kiko kwenye ncha zote mbili za safari. Ndiyo maana tangazo la ofisini linalosema fedha zimetolewa humfikia msikilizaji wa kijijini kama habari kwamba kuna mtu tayari amekwenda nazo.

Nchini Marekani mambo haya yameandikwa hatua kwa hatua. Kampuni ya Facebook ilikubali kulipa dola milioni 650 kumaliza kesi ya kundi ya watu wa jimbo la Illinois ambao sura zao zilichanganuliwa bila idhini yao. Malipo yalianza kutumwa Mei 2022, takriban dola 397 kwa kila aliyedai, kwa hundi, benki au programu za malipo za simu. Mdai wa namna hiyo hupewa nambari ya dai, na kwa nambari hiyo anaweza kuuliza kama dai limepokewa, limekubaliwa, malipo yametumwa, au yamerudi kwa sababu anwani ni mbovu. Msamiati huo ni mkavu, lakini kila neno ndani yake ni mahali ambapo mtu anaweza kuweka kidole na kusema: pesa yangu imekwama hapa.

Sasa pima kwa msamiati huo fidia ambayo kaskazini mashariki inaingoja kuliko zote.

Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyowakinga maafisa wa serikali na vikosi vyake wasidaiwe kwa waliyoyatenda katika eneo hili wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 60. Kinga ni neno zuri, tunalitumia kwa chanjo ya mtoto. Hapa aliyekingwa ni mwenye bunduki. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Wenyeji huyaita matukio hayo Garissa Gubay, Garissa iliyoungua. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilitaja waliokufa kuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilisema walikaribia 1,000, na kwamba huenda walikuwa wengi zaidi.

Tarehe 26 Machi 2015, akilihutubia Bunge, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kuagiza hazina ya shilingi bilioni 10 itengwe kwa muda wa miaka mitatu kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kitenzi kilichofika Wajir ni kutenga. Kutenga ni kuweka kando: mama hutenga chakula cha aliyechelewa, naye aliyechelewa hajakila bado. Lakini sikio lililongoja tangu 1984 lilisikia kulipwa. Mwaka 2017 kanuni za kuiendesha hazina hiyo ziliandikwa, na hazikupata kutumika. Kwa hiyo fidia ya Wagalla ilitengwa kwa neno. Haikutoka. Wajane waliouliza kama imeingia walikuwa wakiuliza juu ya hatua ya tatu kabla ya hatua ya pili kufikiwa, na hakuna ofisi iliyowaeleza hivyo kwa lugha wanayoitumia kwa wakala kila mwezi.

Siku saba baada ya hotuba ile, tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Katika wiki iliyofuata serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, zile ambazo Wasomali wa Garissa na Eastleigh huzitumia kupokea msaada wa ndugu walio ng'ambo. Ziliruhusiwa kurudi kazini Juni. Neno hawala likaanza kutajwa katika taarifa za habari kwa sauti ya tuhuma, na liliniuma, kwa sababu ni neno la heshima. Katika fikihi, hawala ni kulihamisha deni kutoka shingo ya mtu mmoja hadi ya mwingine, kwa ridhaa. Wazazi wetu waliijua hawala ya posta, karatasi ya kuchukulia pesa dirishani, na benki bado huhawilisha fedha bila kumtisha mtu. Miezi ile dada wa Minneapolis alikuwa na pesa, ndugu wa Garissa alikuwa na njaa, na neno lililowaunganisha lilikuwa limefungwa. Wakati huohuo, fidia iliyoahidiwa na dola ilikuwa imetengwa, na riziki isiyoahidiwa na dola haikuweza kuingia.

Yako malipo ya kundi yaliyowafikia Wakenya hadi mwisho. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Hilo liliwezekana kwa sababu wadai walikuwa na orodha, jina kwa jina, na mawakili walioijua orodha hiyo. Wagalla haina orodha ya namna hiyo inayokubaliwa na serikali, na kaskazini mashariki jina kuwemo kwenye orodha kumekuwa mtihani kwa njia nyingine pia. Maelfu ya Wakenya wa Garissa na kaunti jirani walijikuta kwenye sajili ya wakimbizi, kwa kuwa wakati wa ukame familia zao ziliandikishwa kambini Dadaab wapate chakula, kisha wakanyimwa vitambulisho. Shirika la Haki na Sheria la Garissa lilikwenda mahakamani kwa niaba yao wote pamoja, kesi ya kundi kwa maana kamili, na mapema 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliamua waondolewe kwenye sajili hiyo. Mwezi Februari mwaka huohuo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza mwisho wa vijana wa mpakani kupigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Uamuzi wa Garissa haukumwingizia mtu shilingi. Lakini bila kitambulisho huwezi kuandikisha laini, na bila laini kwa jina lako pesa ya simu haina pa kuingia.

Ndiyo maana ningependa wanaotafsiri sheria na kanuni za fidia wachukue vitenzi vya Soko Mugdi kama vilivyo na kuviweka kwenye fomu: imeahidiwa, imetengwa, imeidhinishwa, imetoka, imeingia. Kila kimoja kiwe na tarehe mbele yake na jina la afisa.

Na kuna kiambishi kimoja ambacho M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, imekileta katika mambo ya kundi bila mtu kukipigia kura. Dia ikilipwa, ukoo husema tumepokea. Wazee hukaa, hugawa, na mjane hupata kile walichoona kinamfaa. Ujumbe wa simu husema umepokea, kwa u- ya mtu mmoja, pamoja na kiasi, saa na salio. Siku fidia ya Wagalla itakapotoka, mtu atalazimika kuamua iandikwe umepokea au mmepokea. Wazee watakuwa na hoja nzuri za kutaka mmepokea, maana aliyekufa alikuwa wa ukoo, na ukoo ndio uliomlea mtoto aliyebaki. Mimi nasimama na u-, na nataka ifike kwenye simu ya mwanamke iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe, vyovyote karani alivyoliandika.