Senti 75 Zilizopotea

Somo letu la leo ni la ninyi mnaosimamia kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux. Kompyuta hizo zina daftari lao, ambamo huandikwa nani ameingia, saa ngapi, na amefanya nini. Je, wewe hulisoma? Sikiliza habari hii.

Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, Marekani, kila aliyetumia kompyuta alilipia muda wake. Mwezi wa Agosti hesabu zilipungua senti 75. Bwana Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya kusimamia kompyuta hizo, aliambiwa atafute sababu. Mwingine angalizitoa mfukoni mwake, yakaisha. Yeye alipekua daftari, akagundua kwamba mgeni ametumia kompyuta bila kulipa. Tena jina moja lililokuwa likiingia lilikuwa la mtu aliyekwisha hamia Uingereza!

Mgeni huyo alipitia njia ya simu, kisha akatumia kasoro ya programu iitwayo Emacs kujipatia mamlaka yote. Na mwenye mamlaka yote aweza kufuta daftari pia. Kwa hiyo Stoll alifunga mashine za kuchapa kwenye waya za simu. Kila herufi aliyoiandika mgeni ikachapwa karatasini, mahali ambapo mkono wake haukufika.

Karatasi hizo zilionyesha kwamba alikuwa akizinyemelea kompyuta za jeshi la Marekani. Nyayo zake zikafuatwa mpaka Hannover, Ujerumani Magharibi. Mwaka 1990 Markus Hess na wenzake wawili walihukumiwa kwa kuwauzia siri majasusi wa Urusi ya Kisovieti.

Kompyuta zile ziliendeshwa kwa Unix. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mjini Helsinki mwaka 1991, imefuata mwenendo wa Unix. Basi shikeni mambo matatu.

Kwanza, soma daftari kila asubuhi. Amri ya last itakuonyesha walioingia, na journalctl itakufungulia daftari lenyewe.

Pili, weka nakala katika kompyuta nyingine yenye ufunguo wake. Programu ya rsyslog huipeleka papo hapo, kabla mwizi hajapata nafasi ya kufuta. Hizo ndizo karatasi zako.

Tatu, ukiona jambo usiloweza kulieleza, usiliache. Mtu aliye likizoni ameingiaje saa nane za usiku? Muulize siku ile ile. Kama si yeye, funga jina lake mara moja, kisha tafuta mlango uliotumika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Stoll ulikuwa senti 75 tu. Wa kwako huenda umekwisha andikwa daftarini usiku wa jana. Kausome.

Kwaherini.