Maofisa wa Nchi Mbili Chini ya Paa Moja: Uhamiaji Mipakani mwa Tanzania Tangu 1967

Barabara ya Mandela, inayotoka upande wa bandari na Kurasini, ikapita Tazara, Buguruni na Tabata Relini kabla ya kufika Ubungo, imekuwa kwa miongo mingi njia kuu ya malori yanayobeba shehena kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Kurasini ndiko yalikokuwa makao makuu ya Idara ya Uhamiaji kabla ya kuhamia Dodoma, na Ubungo ndiko mabasi ya Nairobi, Kampala na Lusaka yalikoanzia safari hadi kituo cha Mbezi Luis kilipofunguliwa mwaka 2021. Tabata, iliyo katikati ya njia hiyo, imejengeka pamoja na mkondo huo wa magari na watu, na kwa dereva au utingo anayeagana na familia yake hapo, lililokuwa likiamua urefu wa safari si umbali peke yake, bali pia utaratibu wa kuvuka mpaka wa Zambia uliomsubiri Tunduma, takriban kilomita 900 mbele.

Kwa kawaida mamlaka ya ofisa uhamiaji hukoma pale ardhi ya nchi yake inapokoma, na hivyo kumweka ng'ambo huhitaji makubaliano maalumu ambayo kihistoria yamechukua sura mbili. Ya kwanza ni ya mwambata au ofisa kiungo, yaani mtumishi anayepelekwa kukaa ubalozini ili kubadilishana taarifa na wenyeji na kushauri mashirika ya ndege kuhusu hati za abiria, bila uwezo wa kumkamata mtu. Umoja wa Ulaya uliunda mtandao wa maofisa wa namna hiyo kwa kanuni ya mwaka 2004. Ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa ofisa hutumia sheria za nchi yake akiwa ndani ya ardhi ya jirani, kama Uingereza na Ufaransa zilivyokubaliana mwaka 1991 katika Itifaki ya Sangatte kuhusu njia ya reli ipitayo chini ya bahari. Afrika Mashariki, ambayo wasafiri wake wengi huvuka kwa miguu, kwa basi au kwa lori, ilijikita katika sura hii ya pili, na njia ya kuifikia haikuwa nyepesi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 iliziunganisha reli, bandari, posta na ndege za Kenya, Uganda na Tanzania, lakini haikuweza kuhimili tofauti za kisiasa na kiuchumi za wanachama wake. Ilipokuwa inavunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba ya kufungwa kwa mpaka iliwatenga ndugu, wachuuzi na wafugaji waliozoea kuvuka Namanga, Holili na Sirari kama watu wanaokwenda mtaa wa pili. Urithi mbaya zaidi wa miaka hiyo ulikuwa kutoaminiana kwa watumishi wa pande mbili, na hilo halikuondolewa na saini za mkataba mpya wa Arusha wa Novemba 1999, ulioifufua Jumuiya, peke yake. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi uhuru wa watu kwenda na kurudi, lakini ahadi hiyo ilihitaji ofisi mpakani, watumishi na sheria ya kuwaongoza.

Rusumo, penye daraja juu ya Mto Kagera kati ya Tanzania na Rwanda, panaonyesha kwa nini sheria hiyo ilihitajika. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka hapo ndani ya takriban saa 24 wakikimbia nchi yao, wakapokelewa Ngara. Hakuna dirisha la uhamiaji duniani lililoandaliwa kwa umati wa namna hiyo, na Tanzania inastahili heshima kwa kuwaruhusu waingie. Miaka 22 baadaye, Aprili 2016, Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua mahali hapohapo daraja jipya na kituo cha huduma kwa pamoja, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani. Mutukula, mpakani mwa Uganda, ilifuata mwaka 2017, Namanga mwaka 2018 na Tunduma mwaka 2019, kwa mfano ulioanzishwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009.

Chini ya Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu vituo hivyo na ile ya Jumuiya ya mwaka 2016, anayetoka Kenya hasimami tena upande wa Kenya. Huvuka moja kwa moja hadi ukumbi ulio Tanzania, ambako ofisa wa Kenya humgongea muhuri wa kutoka, kisha ofisa wa Tanzania, aliye katika jengo hilohilo, humgongea wa kuingia. Anayekwenda Kenya hufanya vivyo hivyo upande wa pili. Ukumbi huo na viwanja vyake huitwa eneo la udhibiti wa pamoja, yaani sehemu iliyowekewa mipaka ambamo maofisa wageni wanaruhusiwa kutekeleza sheria za kwao za uhamiaji na forodha. Ukaguzi wa kutoka ni lazima umalizike kwanza, na nchi ya kuingia ikishaanza kazi yake, nchi ya kutoka haiwezi kumrudia msafiri bila ridhaa ya nchi hiyo ya kuingia. Kifungu hicho ndicho moyo wa mpango mzima, kwa sababu kinamlinda msafiri asivutwe na mamlaka mbili kwa wakati mmoja.

Haja ya ushirikiano huo ina upande wa huzuni pia. Juni 2012, zaidi ya Waethiopia 40 waliokuwa wakisafirishwa kwa siri kuelekea kusini walikutwa wamekufa katika Mkoa wa Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Vifo hivyo vilidhihirisha kwamba wasafirishaji haramu walikuwa wamekwisha kujenga mtandao unaovuka nchi kadhaa, ilhali maofisa wa nchi hizo bado walifanya kazi kila mmoja kivyake. Hata hivyo, tangu mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikuwa na kituo Moshi, katika chuo cha uhamiaji, ambako maofisa wa mataifa mbalimbali ya Afrika husoma pamoja ukaguzi wa hati na namna ya kumtambua mtu anayesafirishwa kwa hila, ambaye ni mhanga wa kulindwa na wala si mhalifu wa kufungwa.

Mei 2020, wakati wa janga la korona, Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, na Kenya ikazuia watu kuvuka kutoka Tanzania isipokuwa magari ya mizigo, huku nchi zikikataa vipimo vya afya vilivyofanywa na jirani. Majengo yalikuwepo na sheria ilikuwepo, lakini sheria hiyo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mihuri na forodha zaidi kuliko cheti cha maabara, na malori yalipanga foleni ndefu Namanga hadi mawaziri wa Kenya na Tanzania walipokutana hapo mwezi huohuo na kukubaliana kwamba kila dereva apimwe nchini kwake kabla ya kuanza safari.