Initramfs na kerneli iliyokompailiwa upya

Initramfs ni mfumo mdogo wa mafaili unaoishi ndani ya RAM kwa muda mfupi tu, Linux inapowaka. GRUB huupakia pamoja na kerneli. Programu yake ya init huita viendeshi, hutafuta diski yenye mfumo mzima, kisha huiachia kazi. Ulienea na kerneli 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ukachukua nafasi ya initrd.

Kerneli ya kujikompailia ikigoma kuwaka, dalili ya kwanza iko kwenye kioo, na wengi huipuuza. Ujumbe wa unknown-block(0,0) una maana kwamba kerneli haikuipata diski yenye mfumo mzima. Mara nyingi initramfs haikupakiwa kabisa, au CONFIG_BLK_DEV_INITRD ilizimwa, au faili limebanwa kwa zstd ilhali kerneli haikujengwa na uwezo wa kulifungua. Kumbuka kwamba kerneli peke yake haielewi UUID ya mfumo wa mafaili. Kuitafsiri ni kazi ya initramfs. Namba ikiwa (8,1), diski imeonekana, na kinachokosekana aghalabu ni kiendeshi cha ext4 au cha mfumo mwingine uliotumika.

Ukiangukia kwenye kidokezo cha initramfs, ashukuriwe Mungu: nusu ya safari imekwisha. Andika cat /proc/cmdline, kisha blkid. Blkid ikinyamaza, viendeshi vya diski havimo, na kosa la kawaida ni kusahau make modules_install kabla ya update-initramfs. Moduli zenye taarifa za utatuzi nazo hulivimbisha faili hadi /boot ijae; INSTALL_MOD_STRIP=1 huzipunguza.

Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe viko chini ya Milima ya Uluguru, kuna la kuongeza: umeme. Mkoa una mitambo ya maji ya Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180, lakini mgawo wa mwishoni mwa 2023 uliigusa nchi nzima. Umeme ukikatika kabla data haijafika diskini, initramfs inaweza kubaki nusu. Andika sync, kisha likague faili kwa lsinitramfs kabla ya kuzima na kuwasha upya.

Na kerneli ya zamani usiifute kwenye menyu ya GRUB mpaka mpya iwe imewaka zaidi ya mara moja.